Nimeambiwa nizikunje komiti zote za Git ziwe moja, na nusu ya moyo wangu inataka kukubali

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 29, mwandishi wa programu, naishi Mwanza. Kampuni yetu ni ndogo, tuko watano, na kwa miaka minne tumejenga mfumo mmoja wa vyama vya akiba na mikopo: unasajili wanachama, unatoa mikopo, unapiga hesabu za marejesho na faini za wanaochelewa. Mwezi ujao tunamkabidhi mteja wetu mkubwa msimbo wote. Ameununua, na mafundi wake ndio watakaouendeleza.

Wiki iliyopita kiongozi wetu wa timu, ambaye ana miezi mitano tu hapa, aliniita pembeni. Alisema historia yetu kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, ni aibu kumpelekea mtu. Anataka niziskwoshi, yaani nizikunje, komiti zote (kila komiti ni badiliko lililohifadhiwa na ujumbe wake), 4,000 na ushee, ziwe komiti moja yenye ujumbe "Toleo la kwanza", kisha niipushi (niipandishe kwenye hifadhi yetu ya pamoja) kwa nguvu juu ya tawi kuu, na wenzangu wafute kloni zao, zile nakala za kwenye mashine zao, waanze upya. Kazi amenipa mimi kwa sababu ndiye ninayeijua Git kuliko wengine.

Kusema kweli, hajakosea kuiita aibu. Kuna siku moja ina komiti 17 za rangi ya kitufe kimoja. Kuna "imekubali", ikifuatiwa na "imekubali sasa", kisha "imekubali kweli". Kuna moja ya saa nane usiku imeandikwa "Mungu saidia" tu. Mwaka wa kwanza mwenzetu alikomiti paswedi ya hifadhidata, na mwingine akaweka faili la majaribio lenye majina na namba za simu za wanachama halisi. Vyote vilifutwa siku chache baadaye, lakini ukirudi nyuma bado vipo.

Kinachonizuia ni kaka yetu mmoja aliyefariki mwaka jana. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Komiti zipatazo 900 zina jina lake, na ni safi ajabu. Kila jioni kabla ya kupushi alikuwa anakaa kama nusu saa peke yake na daftari lake, hazungumzi na mtu, halafu kesho yake tunakuta komiti tatu au nne zilizonyooka, kila moja na maelezo yake.

Miezi miwili iliyopita nilikuta kwenye hesabu za marejesho mstari unaopunguza shilingi chache kwenye mwezi wa mwisho wa mkopo. Nilidhani ni kosa, nikataka kuufuta. Nikaendesha git blame, amri inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani na kwenye komiti gani, ikanipeleka kwenye komiti yake. Aliandika hivi: "Mkopo wa 500,000 kwa miezi 12 ni 41,666.67 kwa mwezi. Tukipandisha hadi 41,667 kila mwezi, mwanachama analipa shilingi 4 zaidi. Mhasibu wa chama amekataa. Mwezi wa mwisho unabeba tofauti: 41,663. Msiubadilishe mstari huu kabla ya kuongea naye." Nilikaa pale nikalia. Ilikuwa kama amenigusa bega.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie wewe badala ya kuwauliza wenzangu. Miaka miwili iliyopita, mwezi Machi, niliandika kitu kilichofanya faini ziingie mara mbili kwa wanachama 212. Niligundua usiku. Nilimpigia kaka yetu, tukakaa kwenye simu hadi alfajiri tukirudisha kila salio, na ofisi zilipofunguliwa hesabu zilikuwa sawa. Hakuna aliyepoteza senti. Lakini sikumwambia mtu mwingine, na ujumbe wa komiti ile niliandika "marekebisho madogo". Nikikunja kila kitu, na hiyo inapotea. Kuna sehemu ya moyo wangu imefurahia agizo la bosi, na naichukia sehemu hiyo.

Nikikubali naona nasema uongo na kumfuta marehemu. Nikikataa naona namgombanisha bosi na mteja kwa ajili ya hisia zangu. Nifanyeje?

Aliyekwama, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa msiba. Naona bado ni mbichi, na umeubeba kazini kila siku, ndani ya mafaili yale yale mliyokuwa mkiyahariri pamoja. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nikuelewe hivi: unaona kuna njia mbili. Kutunza kila kitu, ambako unakuita uaminifu, na kusafisha, ambako unakuita uongo. Marehemu umemweka upande wa kwanza, bosi upande wa pili, na wewe unajiona umesimama katikati, moyo ukivutwa kotekote. Kabla hatujafika kwenye Git, naomba tukae kidogo na mgawanyo huo, kwa sababu barua yako yenyewe inaupinga mara mbili.

Mara ya kwanza ni ile nusu saa ya jioni. Umesema hakuzungumza na mtu, na asubuhi mnakuta komiti tatu zilizonyooka. Unadhani alikuwa anafanya nini? Mimi sikuwepo, lakini nimefanya kazi hii muda mrefu, na naitambua nusu saa hiyo. Alikuwa anaendesha git rebase -i, amri ya kuzipanga upya na kuziunganisha komiti kabla hujazipushi. Alikuwa na "imekubali" na "jaribu tena" zake kama sisi sote. Alizikusanya, akaziunganisha zinazohusiana, akakaa akafikiri mtu atakayekuja baadaye atahitaji kujua nini, ndipo akaandika habari ya shilingi 4. Ujumbe uliokugusa bega ulitokana na usafi. Majaribio aliyohangaika nayo mchana ule hayakuwahi kuondoka kwenye mashine yake.

Mara ya pili ni usiku wako wa Machi. Komiti ile ipo kamili, na tarehe na saa yake, haijaguswa na mtu. Na bado haisemi lililotokea. Hapo ukweli umefichwa na maneno mawili uliyoyachagua mwenyewe, kwenye historia ambayo hakuna aliyeisafisha. Sisemi hili kukuumiza. Nalisema kwa sababu unahofia kwamba kukunja ndiko kutakakokufanya mwongo, nami naona kinachokusumbua kina miaka miwili tayari, na kitabaki hata ukimshinda bosi.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Gauni likikatwa, kwanza alipiga bandi, mishono mirefu ya uzi mweupe kushikilia vipande, na gauni likikamilika bandi yote inafumuliwa. Sijawahi kusikia mteja akidai nyuzi zake za bandi. Lakini ndani ya mshono aliacha upindo mpana, vidole viwili hivi, usioonekana kwa nje. Mwenye gauni akinenepa, au likirithiwa na mdogo wake, fundi yeyote aliweza kulifumua na kulipanua. Mafundi wa haraka walikata upindo ili ndani pawe safi. Gauni lilipendeza vilevile, ila halikurekebishika tena. Zile komiti 17 za kitufe ni bandi. Shilingi 4 za yule mhasibu ni upindo. Agizo ulilopewa linafumua bandi na kukata upindo kwa mkasi mmoja, na nadhani ndiyo maana mkono wako umesita hata kabla hujajua sababu.

Tuangalie sasa yanayowezekana, na kila moja linagharimu nini.

Ukifanya kama ulivyoagizwa, mteja atapata kitu kisafi, na majina ya wanachama hayataonekana kwenye nakala yake. Ila kuanzia siku hiyo git blame itajibu jambo moja kwa kila mstari: "Toleo la kwanza", jina lako, tarehe ya mwezi ujao. Fundi wa mteja atafika kwenye mstari ule wa mwezi wa mwisho kama ulivyofika wewe, atadhani ni kosa kama ulivyodhani wewe, na hatakuwa na wa kumuuliza. Git bisect nayo inakufa. Leo kosa likijitokeza unaweza kuligawa rundo la komiti 4,000 nusu kwa nusu na kulifikia lililoleta tatizo kwa hatua kama 12. Rundo likiwa moja hakuna cha kugawa. (Haki itendeke kwa bosi wako: komiti nyingi za "jaribu tena" zisizoweza hata kuendeshwa zinaivuruga bisect pia.)

Ipo na hatari ya wenzako. Kila komiti imebeba kitambulisho cha iliyoitangulia, kwa hiyo ukigusa ya nyuma, zote zilizojengwa juu yake zinabadilika vitambulisho. Mmoja wenu akiwa na kloni ya zamani, akalazimisha kuimeji (kuiunganisha) kazi yake ya jana na kupushi, komiti zote 4,000 zinarudi, na paswedi yake ndani. Nimeshaona hilo likitokea kwa timu yenye nia njema kabisa.

Ukiacha kila kitu kilivyo, unabaki na lile faili. Hapa sitazunguka: majina na simu za watu halisi hayapaswi kwenda kwa mafundi wasiohusika, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Wanachama wale hawakuombwa ruhusa wawe data ya majaribio. Kwa hiyo hata msimamo wa "tusiguse chochote" una mtu anayeumia, ila hayupo kwenye mkutano wenu. Na paswedi, mdogo wangu, ibadilisheni leo kama bado inafanya kazi. Kuifuta kwenye historia hakusaidii ikiwa iliwahi kukaa kwenye mashine tano.

Kati ya hizo mbili kuna njia zaidi ya moja. Ipo zana inaitwa git filter-repo, inaweza kulitoa faili moja au neno moja kwenye historia nzima, na kuacha majina, tarehe na ujumbe wa kila komiti. Vitambulisho vitabadilika, kwa hiyo popote mlipovinukuu, kwenye barua pepe au kadi za kazi, havitaelekeza tena kokote, na kloni zote itabidi zianze upya kama alivyosema bosi. Lakini kaka yenu anabaki na komiti zake 900, na shilingi 4 inabaki.

Au mteja anaweza kuanzia kwenye komiti moja mpya, nanyi mkabaki na ya zamani. Linux yenyewe, mfumo endeshi maarufu, iliishi hivyo. Aprili 2005, watengenezaji wake walipopoteza leseni ya bure ya BitKeeper, programu waliyotunzia historia yao, mwanzilishi wake Linus Torvalds aliandika Git, akaiingiza Linux kuanzia toleo la 2.6.12-rc2 na kuiacha historia ya nyuma ingawa walikuwa nayo. Alieleza pale pale kwenye ujumbe wa komiti ile kwamba ingefika gigabaiti 3.2, akaona si wakati wake. Mpaka leo, ukifuatilia mistari ya zamani ya Linux kwa git blame, unagonga ukuta kwenye komiti 1da177e. Baadaye watu waliijenga upya historia ya kabla ya hapo kwenye ripo (hifadhi za msimbo) za pembeni, na git replace inaweza kukuunganishia vipande viwili ukavisoma kama kimoja. Faraja ni kwamba kilichotengwa kinaweza kurudi. Tahadhari ni kwamba kilirudi kwa sababu kilitunzwa na wapo waliojali. Kwenu nani atakuwa na nakala hiyo miaka mitano ijayo, na itakaa wapi? Likikosekana jibu, "tumeitunza" litakuwa neno tu. Na hiyo nayo isafishwe lile faili la wanachama kwanza.

Huyo huyo Torvalds amewahi kuwaandikia wenzake kwamba kazi yako mwenyewe ambayo hujaisambaza ni halali kuisafisha, lakini ya wengine usiiguse, maana huko ni kuharibu historia. Mimi naufuata mpaka huo kwa miaka mingi. Lakini wapo watu makini wasiokubali hata kiasi hicho. D. Richard Hipp, aliyetengeneza SQLite, hifadhidata ndogo ambayo iko ndani ya karibu kila simu, aliandika mfumo wake mwenyewe uitwao Fossil, na kwa makusudi hauna rebase. Ukikosea ujumbe kwenye Fossil unaweza kuurekebisha, lakini ule wa kwanza haufutwi. Unabaki chini yake, anayetaka kuusoma anausoma.

Nimekutajia Fossil kwa sababu ya Machi. Git ina kitu kinachofanana kidogo: git notes. Unaweza kuipachika komiti ile maelezo mapya bila kuibadilisha hata herufi moja, na kitambulisho chake kinabaki kile kile. (Notes haziendi zenyewe unapopushi, unazituma kwa amri yake, na mkipita na filter-repo baadaye hakikisheni hazijaachwa.) Sikwambii uandike. Ukiandika, kuna anayeweza kukuuliza kwa nini ulinyamaza miaka miwili, na kazi hii ni mkate wako. Nakuuliza tu: mafundi wa mteja wakikuta faini zimeingia mara mbili siku moja, je, usiku ule una jambo ambalo lingewaokoa? Kama lipo, labda lina pa kukaa, kwenye note au kwenye waraka wa makabidhiano, limeandikwa kama funzo. Kama halipo, basi limebaki la kwako na watu utakaochagua kuwaambia. Na ulivyoeleza, uliyapata makosa yako mwenyewe, ukaomba msaada, ukarudisha salio 212 kabla ya mapambazuko. Isome tena sentensi hiyo kama vile imeandikwa na mdogo wako unayemfundisha kazi.

Kuhusu bosi, nina shaka ndogo na picha uliyoichora. Ana miezi mitano. Hakumjua kaka yenu. Anapofungua ile log, orodha ya komiti, anaona "Mungu saidia" na kuwaza uso wa mteja, wala hajui kuna mhasibu na shilingi zake 4 huko chini. Umewahi kumwonyesha komiti ile? Sina maana umwambie ulilia. Fungua mstari wa mwezi wa mwisho mbele yake, muulize anadhani unafanya nini, mwache ajibu, kisha endesha git blame. Halafu muulize mteja ameomba nini hasa. Huenda ameomba msimbo tu, huenda mkataba unasema historia nayo ni yake, huenda hakuna aliyemuuliza. Mnaweza kukuta mnagombania jambo ambalo mkataba umelimaliza kwenye ukurasa wa tatu.

Anaweza pia kukusikiliza na bado akasema kunja. Ni haki yake kazini, nawe utalazimika kuamua ni kiasi gani utapinga. Hilo siwezi kulipima kutoka hapa. Likifika huko, nafasi bado ipo ya majina kwenye ujumbe wa komiti hiyo moja, mstari wa Co-authored-by (mwandishi mwenza) kwa kila mmoja wenu, na yeye. Haitakuwa sawa na kumkuta kwenye mstari wake, najua. Na sababu kama ile ya mhasibu inaweza kuhamia ndani ya msimbo wenyewe, maoni ya mistari miwili juu ya hesabu, ambako hakuna rebase itakayoifikia. Kwa komiti 900 ni kazi kubwa. Lakini huhitaji zote 900. Labda ni 30 zenye "kwa nini" ndani yake, na wewe ndiye pekee aliyebaki unayeweza kuzitambua.

Umeniambia unahisi unamfuta. Mimi sitakupinga, huzuni haibishaniwi. Ila fikiria alichokufundisha jioni zile bila kusema neno: alikaa, akasoma kazi yake mwenyewe kwa macho ya atakayekuja, akaamua kipi kibaki. Sasa zamu hiyo imekufikia, kwa kazi yake na yako pamoja, na una mwezi mzima, si nusu saa.

Jioni ya leo, kabla ya mazungumzo yoyote, endesha git clone --mirror, inayonakili historia yote, kwenye diski ya ofisi iliyofungwa kwa nywila, na mjulishe bosi kwamba umefanya hivyo. Amri hiyo haiamui chochote, inakupa muda tu. Kisha anza kuzisoma komiti zake kuanzia ya kwanza, na daftari pembeni. Niandikie ukifika ya mia, uniambie umekuta nini.